Chuo Kisicho na Kengele

Nilipofika chuo cha uuguzi Msambweni, mwishoni mwa miaka ya tisini, kitu cha kwanza kilichonishinda hakikuwa masomo. Kilikuwa kengele, au tuseme kukosekana kwake. Kwa miaka minne ya sekondari nilikuwa nimekaa shule ya bweni ambako kengele iliamua kila kitu: kuamka, kuoga, kula, kusoma, kunyamaza. Pale chuoni tulipewa karatasi moja yenye ratiba, tukaonyeshwa vyumba, tukaambiwa karibuni. Basi. Jumatatu ya kwanza nilikaa kitandani nimevaa sare yangu mpya mpaka viatu, nikisubiri kuitwa. Nilipochungulia nje nilikuta bweni zima ni tupu. Niliingia darasani zikiwa zimebaki dakika kumi somo la kwanza liishe. Mkufunzi hakunigombeza. Aliniangalia, akaangalia saa yake, akaendelea kuandika ubaoni. Hilo liliniuma kuliko kama ningegombezwa.

Sikuwa mgeni wa pwani. Wazazi wangu walishuka kutoka bara kabla sijazaliwa, wakapata shamba katika ardhi ya makazi iliyogawiwa na serikali upande wa juu wa barabara kuu. Walilima mahindi, mihogo na mikorosho. Nyumbani tulisema lugha yao, lakini nje ya uzio nilikua na watoto wa Kidigo, na Kiswahili changu kilikuwa cha hapa hapa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shuleni nilisifika kwa kukariri. Niliweza kuusoma ukurasa mara nne kisha nikautapika wote, pamoja na nukta zake. Kwa njia hiyo nilimaliza nikiwa wa pili katika darasa letu, na sikuona sababu ya kuiacha.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda sita. Wanne katika sisi walikuwa wasichana waliotoka bara, wachangamfu, wanaochanganya Kiingereza na Sheng, na Jumamosi ikifika walijipamba wakaenda Diani. Nilikwenda nao mara mbili. Tulikaa ufukweni, tukala viazi vya kukaanga, tukawacheka watalii waliobabuka na jua, tukarudi. Hakukuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa kwamba nilirudi nikadhani hivyo ndivyo wiki inavyopaswa kwisha, kwa sababu hakuna aliyeniambia vingine.

Kitanda cha sita, kilichokuwa karibu na mlango, kilikuwa cha mwanamke ambaye sote tulimwita Mama. Alikuwa na miaka kama thelathini na sita hivi, mwenyeji wa upande wa Kibuyuni, na watoto wake watatu alikuwa amewaacha kwa mama yake. Alikuwa amefanya kazi ya msaidizi katika zahanati kwa miaka kumi na miwili: kupima watoto uzito, kufunga vidonda, kumshika mkono mzazi mpaka mkunga afike. Hatimaye akapata nafasi ya kusomea uuguzi wenyewe. Aliamka alfajiri akaswali, akatandika kitanda chake kikanyooka kama meza, akaketi akasubiri saa za darasa. Tulikuwa tukimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akituitikia marahaba mmoja mmoja, bila kumruka mtu.

Mimi na Mama tulianza vibaya, na kosa lilikuwa langu.

Kulikuwa na chumba cha mazoezi chenye kitanda cha hospitali na sanamu la mpira lililolazwa juu yake. Siku hiyo tulikuwa tukijifunza kubadilisha shuka mgonjwa akiwa kitandani. Mama aliitwa mbele. Alilisukuma sanamu likageuka ubavu, akakunja shuka chafu, akatandika safi, akalirudisha, yote kwa muda mfupi kuliko ninavyosimulia. Nikanyoosha mkono.

"Kitabu kinasema tuanze kwa kumweleza mgonjwa tunachotaka kufanya," nilisema. "Na mto utolewe kwanza. Yeye hakufanya yote mawili."

Mkufunzi alisema ni kweli. Wenzangu wakacheka kidogo. Mama alikwenda akakaa mahali pake, akaandika jambo katika daftari lake polepole. Jioni ile nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, lakini hakuniangalia. Nilijiambia kwamba amekasirika kwa sababu sisi wadogo tunajua vitabu.

Wiki ya saba tulifanya jaribio la kwanza. Nilikuwa nimeyakariri yote yanayohusu moyo: vyumba vinne, milango yake, mishipa inayoingia na inayotoka, kila jina kwa tahajia yake. Swali la kwanza lilikuwa hili: mgonjwa ana udhaifu wa upande wa kushoto wa moyo, eleza kwa nini anashindwa kupumua vizuri akilala chali. Nililisoma mara moja. Nikaona neno moyo. Nikaandika kurasa tatu za moyo, nikatoka wa kwanza katika chumba cha mtihani, nikanunua mahamri langoni.

Nilipata thelathini na nane kwa mia. Mama alipata thelathini na moja. Chini ya hamsini tulikuwa wawili tu, na tuliitwa ofisini pamoja.

Mkufunzi wetu alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mpole wa sauti, asiyependa maneno mengi. Aliweka karatasi zetu mezani kando kwa kando.

"Wewe," aliniambia, "hukujibu swali langu. Umejibu swali lako. Nilikuuliza kwa nini, ukaniambia nini na nini na nini." Kisha akamgeukia Mama. "Wewe umelijibu, lakini kwa mistari mitatu, na Kiingereza chake sijui kinakwenda wapi. Swali la alama kumi na tano halijibiwi kwa mistari mitatu, mama."

"Ndiyo, mwalimu," Mama alisema.

"Jaribio la pili ni baada ya wiki sita. Asiyefika hamsini atarudia mwaka. Sheria si yangu, lakini nitaifuata."

Tulitoka. Niliingia msalani nikalia, kisha nikanawa uso. Sikuwahi kufeli kitu. Nilifikiria jinsi baba yangu alivyowatangazia watu kanisani kwamba binti yake sasa anasomea udaktari, ambalo lilikuwa kosa, lakini sikuwa nimemsahihisha.

Jumamosi iliyofuata wale wanne walikwenda Diani, mimi nikabaki. Nilichukua nguo zangu nikaenda kwenye karo la kufulia nyuma ya bweni. Mama alikuwa hapo, amejifunga leso kiunoni, anafua sare. Nilimwamkia. Nikaanza kufua. Mwishowe nikaona kwamba nisiposema siku hiyo sitasema tena.

"Mama, nisamehe kwa siku ile ya shuka."

Alikamua kola, akaikunjua, akaiangalia.

"Ulisema kweli," alijibu. "Mto nilisahau. Kumweleza mgonjwa sikusahau. Lile lilikuwa mpira, ningelieleza nini? Lakini mwanangu, mtu mzima hasahihishwi mbele za watu. Ungenifuata pembeni ukaniambia, ningekushukuru."

"Sitarudia tena."

"Yamekwisha." Aliitundika sare kwenye kamba, akarudi. "Sasa niambie. Wewe unajua vitabu. Kwa nini ulifeli?"

Nilisema labda swali lilikuwa gumu.

"Haya, niambie moyo. Bila kitabu. Niambie kama unamwambia mama yangu kule nyumbani."

Nilianza kwa Kiingereza, sentensi zile zile za kitabu. Akainua mkono uliojaa povu.

"Mama yangu hajui Kiingereza."

Nikajaribu kwa Kiswahili. Nilisema moyo una vyumba vinne. Nikasema damu inaingia. Kisha nikakwama. Inaingia kutoka wapi? Nilijua jina la mshipa, nilijua hata ukurasa wenye mchoro wake na rangi zake, lakini sikujua kinachotendeka. Nilisimama pale na soksi mkononi, nikaona kwamba miaka yote ile nilikuwa nabeba maneno kama mtu anavyobeba kifurushi cha watu, hajui kilichomo ndani.

Mama hakucheka. Karo letu lilikuwa na sehemu mbili zilizojengwa kwa saruji. Maji ya sehemu ya kwanza yalipita kwenye tundu yakaingia ya pili, na ya pili ikayatoa kwenye mtaro. Alichukua soksi yangu, akaziba nayo njia ya kutokea ya sehemu ya pili, akafungua bomba la ile ya kwanza. Tukaangalia. Sehemu ya pili ilijaa. Kisha maji yakaanza kupanda katika ile ya kwanza.

"Huu upande unaotoa ndio wa kushoto," alisema. "Ukichoka, hautoi. Na maji yanaendelea kuja. Yatakwenda wapi?"

"Yanarudi nyuma."

"Nyuma ni wapi? Damu ilitoka wapi kabla ya kuingia hapa?"

Nilifikiri. "Mapafuni."

"Ehe. Sasa kulikuwa na mzee mmoja anakuja kwetu zahanati. Hakuweza kulala chali hata kidogo. Mkewe alimwekea gunia la makumbi ya nazi ukutani, akawa analala ameliegemea, kama mtu aliyeketi. Akiteleza tu, anaamka anatweta. Kwa nini?"

"Kwa sababu akilala damu ya miguuni nayo inarudi, na mapafu yanajaa maji."

"Na hilo tu ndilo nililoandika," alisema Mama. "Mistari mitatu. Zaidi ya hapo Kiingereza kiliniishia."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Hatukuupa mpango wetu jina lolote. Kila alasiri, akishamaliza kuswali, tuliketi kwenye ngazi za upande wa kivuli wa bweni. Mmoja alisoma ukurasa mmoja kimyakimya, akafunga kitabu, akamweleza mwenzake kwa Kiswahili. Aliyesikiliza alikuwa na ruhusa ya kuuliza kwa nini mpaka mwingine achoke. Mama aliuliza zaidi kuliko mimi. Kisha nilimsaidia kuyarudisha yale yale kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Tuligundua kwamba shida yake nyingine ilikuwa kwenye maswali yenyewe. Alipoambiwa ataje, alieleza. Alipoambiwa aeleze, alitaja. Niliandika maneno hayo ya Kiingereza kwenye jalada la daftari lake, kila moja na maana yake: hili linataka orodha, hili linataka sababu, hili linataka tofauti kati ya vitu viwili. Aliyasoma kila siku kabla ya kufungua kitabu.

Mimi nilibadilisha namna ya kuandika darasani. Zamani niliandika kila neno la mkufunzi, mkono ukiuma, na nikitoka sikumbuki alichosema. Sasa nilichora mstari kushoto kwa kila ukurasa na kuacha nafasi ndogo. Kulia niliandika kwa ufupi, na jioni nilijaza kushoto maswali: hii inatoka wapi, ikishindwa itakuwaje, mgonjwa ataniambia nini? Mara nyingi sikuwa na majibu. Ilinibidi kwenda maktaba, chumba kidogo chenye meza mbili na vitabu vilivyochakaa, nikatafute. Hapo ndipo nilipojua matumizi ya faharisi iliyo nyuma ya kitabu. Nilikuwa nimemaliza sekondari sijawahi kuifungua.

Kuhusu kuamka, Mama alinisaidia kwa wiki mbili. Baada ya kuswali alinitikisa mguu. "Mwanangu, kumekucha." Ijumaa alikwenda kwao Kibuyuni, Jumatatu alirudi moja kwa moja darasani, na Jumatatu hiyo nikachelewa tena. Nilipomlalamikia aliniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Mimi nina watoto watatu wa kuamsha," alisema, "na wote wako kwa bibi yao. Wewe utaamshwa mpaka lini?"

Niliona aibu. Mwisho wa wiki nilikwenda nyumbani nikamwomba mama yangu saa ya mezani ya kuamshia iliyokuwa kwenye kabati la vyombo. Ilikuwa ikipoteza dakika tano kwa siku, nami niliisogeza mbele kila jioni. Nilipanga siku yangu mwenyewe nyuma ya ile ratiba ya chuo: kuoga, kufua, kusoma, kulala, hata kwenda Diani Jumamosi moja kwa mwezi. Wale wasichana wanne walinicheka waliposoma "kupumzika, saa tisa hadi saa kumi," lakini mmoja wao aliinakili.

Wiki ya nne ya zile sita malaria ilinishika. Nililala wodini siku tano, nikitetemeka na kutoka jasho, na kila nilipopata fahamu nilihesabu masomo yaliyonipita. Mama alikuja kila alasiri na daftari. Alikuwa ananiandikia yote yaliyofundishwa. Niliporudi chumbani niliyafungua maandishi yake nikiogopa kwamba sitaambulia kitu. Kiingereza kilikuwa kidogo, Kiswahili kingi, na Kidigo hapa na pale. Lakini alikuwa amechora. Figo alizichora kama chujio la tui, na kando yake akaandika: machicha yasipite. Nilizielewa figo kabla sijasoma kitabu. Sikujiuliza wakati huo yeye alisoma saa ngapi siku zile tano.

Jaribio la pili lilifanywa asubuhi ya Jumatano. Nilisoma kila swali mara tatu, nikapigia mstari neno linaloniambia nifanye nini. Nilitoka nikiwa wa mwisho. Mama alikuwa ametangulia kutoka kidogo tu, ameketi kwenye ukuta wa barazani.

"Umejaza kurasa ngapi?" nilimwuliza.

"Nne," alisema, na nadhani hata yeye hakuamini.

Matokeo yalibandikwa baada ya siku kumi. Nilipata sitini na moja. Mama alipata arobaini na tisa.

Niliisoma ile namba, nikashuka kwa kidole mpaka mwisho wa karatasi, nikapanda tena. Nilimkuta chumbani anakunja nguo. Alikuwa ameshaona.

"Twende kwa mkufunzi," nilimwambia. "Ni alama moja tu. Atakuongezea. Mwambie ulikuwa ukiniandikia nilipokuwa mgonjwa. Nitamwambia mimi."

"Hutamwambia."

"Lakini ni kweli!"

"Ni kweli. Nilikuandikia kwa kupenda kwangu, si kwa kulipwa alama." Aliiweka leso juu ya nyingine. "Keti. Hamsini ni hamsini, mwanangu. Sikufika. Nikiongezewa hiyo moja, kila nikimshika mgonjwa nitajiuliza ipi niliyoijua na ipi niliyopewa."

"Utarudia mwaka mzima."

"Nilikaa miaka kumi na miwili nikingoja kuingia hapa. Mmoja utaniua?"

Nilimkasirikia. Nilidhani ni ukaidi, na siku mbili sikuzungumza naye vizuri. Nilikuwa na hasira na nafsi yangu zaidi, lakini hiyo nilikuja kuijua baadaye. Yeye alikwenda ofisini peke yake, akatia sahihi, akaenda Kibuyuni kuwaeleza watoto. Mama yake, alinisimulia, alimwuliza tu kama chakula cha huko kinatosha.

Alirudi na kundi lililofuata. Hatukukaa tena chumba kimoja, lakini zile ngazi za kivulini hatukuziacha. Sasa nilikuwa mwaka wa pili, nina zamu za wodi, na baadhi ya siku nilifika nimechoka miguu imevimba. Alisoma ya mwaka wa kwanza, akanieleza, nami nikauliza kwa nini. Nilikuta mambo mengi ambayo nilidhani nimeyaelewa na kumbe niliyapita juu juu. Wasichana wa kundi lake walianza kuja kuketi nasi, kwanza wawili, halafu watano, mpaka mlinzi akatuomba tusizibe njia. Safari hiyo, katika jaribio la pili, alipata sitini na tisa. Nilikuwa wodini namwogesha mgonjwa aliponijia mlangoni. Sikuweza kuacha, naye hakutaka niache. Aliinyoosha karatasi yake ya jaribio ili niione kutoka mbali, kisha akaikunja akaitia mfukoni, akaenda darasani.

Nilimaliza kabla yake, nikapangiwa kazi upande wa Kwale mjini. Mwaka uliofuata niliomba ruhusa ya siku moja nikateremka Msambweni kwa mahafali yao. Mama alikuwa amevaa sare nyeupe na mtandio mweupe, na watoto wake watatu wamesimama kwa kufuatana urefu, mkubwa akimzidi kimo. Bibi yao alikuwa amekalishwa kiti cha mbele. Nilipiga goti nikamwamkia, akaniitikia na kunishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Huyu ndiye mwalimu wako uliyekuwa ukinisimulia?" alimwuliza binti yake.

"Mwalimu wapi?" Mama alisema. "Huyu tulifeli pamoja."

Bikizee alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Kisha akataka kujua wazazi wangu wanalima nini, nikamwambia korosho, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya korosho mwaka ule, ambayo haikumridhisha mtu yeyote, mpaka chakula kikaletwa.